Unaomba masta ya ukuzaji wa afya? Anza na mapipa ya uani

Jamani nyinyi mnaoomba masta ya ukuzaji wa afya, ile barua ya maombi msiijaze "napenda kusaidia jamii", kila mtu aandika hivo. Chukua shida moja ya hapa hapa Mombasa uichimbe. Mfano chikungunya, ugonjwa wa kuambukizwa na mbu, ilitupiga 2017 mpaka 2018, na mbu wake aina ya Aedes huzaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani, sasa nenda Majengo ama Kisauni uangalie uani, madumu na mapipa yamejaa sababu mfereji hautoki kila siku, mama kanunua maji kwa mkokoteni, hawezi kuyamwaga hata umfanyie semina ngapi. Hapo ndo ukuzaji wa afya wenyewe! Mkataba wa Ottawa wa 1986, ule wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ukuzaji wa afya, una maeneo matano ya kufanyia kazi na kumjenga mtu ujuzi ni moja tu, mengine ni sera, mazingira, nguvu ya jamii na kugeuza huduma za afya zenyewe. Ukionyesha pipa lataka kifuniko na mfereji wataka maji, sio bango pekee, barua yako ishasimama.

Kama waweza, omba kutembea na wale mapromota wa afya wa mtaani, serikali iliwazindua 2023, wao wajua kila mlango, na hata kwa intavyu ya kazi utakua na la kusema.

Halafu kabla hujalipa ada, ukiwa wataka uafisa wa afya ya umma, uliza baraza linalosajili maafisa hao kama kozi yako yatambulika.