Usilime Kila Hatua: Waachie Nyuki na Nyigu Mahali pa Kuzaliana

Mkulima akiambiwa atunze wachavushaji, yaani wadudu wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua, wazo la kwanza huwa mzinga. Mzinga ni jambo jema, ila nyuki wa asali ni aina moja tu kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani. Wengi wa hao wengine hawana malkia wala asali ya kurina. Jike huishi peke yake: hutengeneza kiota, huweka donge la chavua, hutaga yai moja juu yake, huziba, kisha huanza chumba kingine. Karibu aina 7 kati ya 10 hufanya hayo ardhini.

Hapo ndipo jembe linapoleta hasara isiyoonekana. Mabuu hukaa udongoni miezi mingi, na anayetifua mpaka wa shamba kila msimu huwafukua wote. Wengi huanza kwa kupanda maua. Mimi ningeanza na kiota. Chagua ukingo unaopigwa na jua na usiotuamisha maji, uuache bila kulimwa mwaka hadi mwaka, na sehemu yake ibaki udongo mtupu bila matandazo. Ukiona vitundu vyenye upana wa penseli au chini ya hapo, na nyuki mmoja mmoja akiingia na kutoka, tayari una wapangaji.

Wengine hutumia mabua yenye uwazi na miti mikavu. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao hulaumiwa sana, lakini ni mmoja wa wanaoweza kulishika ua la nyanya au bilinganya na kulitikisa kwa mvumo hadi chavua imwagike. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Basi usichome mabaki yote ya wigo. Mabua ya mahindi yenye funza ni habari nyingine; hayo yaondoe. Vifungu vya mianzi vya kutundika vinapendeza, ila visipobadilishwa hujaa utitiri na magonjwa, kwa hiyo sivisifii sana.

Nyigu naye ana jina baya kuliko anavyostahili. Nyigu wawindaji hubeba viwavi kulisha watoto wao. Wapo pia wadogo mno, wasiomdhuru mtu, wanaotaga ndani ya vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza mimea), mayai ya nondo au viwavi. Kidukari kilichovimba, kikakauka na kuwa cha kahawia huku kimeng'ang'ania jani, kina nyigu ndani au ameshatoka kwa kitundu cha mviringo. Ukiona vingi vya namna hiyo, weka bomba la dawa chini kwanza. Kuanzia 1981, nyigu mdogo aliyetolewa Amerika ya Kusini aliachiwa Nigeria, kisha nchi nyingine za Afrika, akamdhibiti mdudu mweupe wa ungaunga aliyekuwa akiangamiza mihogo.

Nyigu hao wakishakua huhitaji nekta, yaani maji matamu ya ua, na midomo yao ni mifupi. Maua marefu kama mirija hayawafai. Acha mashina machache ya giligilani au shamari yachanue. Kunde husaidia zaidi ya inavyodhaniwa, kwa kuwa hutoa utomvu mtamu hata nje ya ua. Nzi wa maua, ambao mabuu yao hula vidukari, watafaidi pia.

Nyuki wadogo hawaendi mbali, mara nyingi mita mia chache tu, hivyo mistari ya maua kati ya vipande vya shamba ni bora kuliko bustani moja pembeni. Changanya mimea inayochanua kwa kupokezana. Lakini si kila gugu lenye ua liachwe: mnavu kando ya nyanya huhifadhi wadudu na magonjwa yaleyale.

Mazao yakiwa yamechanua, usinyunyizie kiuatilifu. Ikilazimu, subiri jioni nyuki wakishaacha kuruka, na upepo usiwe unaelekea kwenye ukingo ulioutunza. Angalia na mbegu zilizopakwa dawa, kwani baadhi ya dawa hizo hupanda na mmea hadi kwenye chavua na nekta.