SOMO: Kumjua skampi, kumnasa na kumla

Wakuu, kila picha ya sahani ikipita hapa ubishi ni uleule: huyu kamba, huyu kambakoche, huyu skampi. Leo tuumalize.

Jina lenyewe ndilo chanzo cha vurugu. Ni la Kiitaliano: mmoja scampo, wengi scampi. Ukiagiza Marekani, mara nyingi unaletewa kamba wa kawaida waliopikwa kwa siagi na kitunguu saumu. Uingereza ni nyama ya mkia iliyoviringishwa kwenye chenga za mkate ikakaangwa. Mnyama ninayemzungumzia, ndugu wa kamba, kwa jina la kisayansi ni Nephrops norvegicus, ambaye Wafaransa humwita langoustine.

1. Mtambue

Anza na magando ya mbele: marefu, membamba, yana matuta na vijiba. Kambakoche hana magando makubwa kabisa, ana masharubu manene yenye miiba. Kisha tazama macho, meusi, yenye umbo la figo. Ndiyo maana ya hilo Nephrops. Rangi yake ni ya chungwa iliyopauka hata akiwa mbichi, kwa hiyo usidhani ameshapikwa. Dume kubwa hufika sentimita 25 hivi, ila wengi ni wadogo zaidi.

2. Mnase

Anaishi kwenye tope la Atlantiki ya kaskazini-mashariki, kuanzia Iceland hadi Moroko, na Mediterania. Huchimba shimo, na akiwa ndani humpati kwa wavu wala kwa mtego. Kutoka kwake kunategemea mwanga: penye kina kifupi hutoka usiku, kina cha kati alfajiri na magharibi, kina kirefu mchana.

Nyavu za kukokota huleta wengi, lakini wamepondeka na wamejaa tope, pamoja na samaki wadogo wasiohitajika. Mimi ni mtu wa dema, yaani mtego wa kikapu. Funga madema kadhaa kwenye kamba moja ndefu, tia chambo cha samaki aina ya heringi wa chumvi, yazamishe hadi kwenye tope, uyainue kesho yake. Kabla ya hapo soma sheria za eneo lako kuhusu leseni na ukubwa unaoruhusiwa. Ukishawatoa watenge, kila mmoja chumba chake, maana hawa watu wanakatana.

3. Mle

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Skampi akifa, vimeng'enya vya kichwani huanza kulainisha nyama ya mkia, na baada ya muda unatafuna uji. Mpike angali hai, au awe amekufa muda mfupi tu na amekaa kwenye barafu. Jaribu hivi: unyooshe mkia, uuachie. Ukijikunja wenyewe, yuko sawa. Ukilegea na harufu inakupanda puani kama mkojo, tupa.

Wazubaishe kwanza kwenye friza. Chemsha maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, yatokote kwelikweli, watumbukize. Maji yakitokota tena hesabu dakika 2 kwa wadogo, 3 hadi 4 kwa wakubwa. Mara yangu ya kwanza niliwaacha dakika kumi kwa kujiamini, nilitafuna pamba.

Kumenya: bana mkia pande zote mbili mpaka usikie "kra!", fungua gamba kwa chini, vuta ule uzi mweusi wa utumbo. Magamba usitupe, yana supu.

MASWALI

*Mkuu, akiwa na mayai chini ya mkia?*
Yanalika, ila akiwa hai mrudishe majini. Majike wenye mayai hukaa shimoni miezi mingi, ndiyo maana madume hunaswa zaidi.

*Wa kwenye friza wanafaa?*
Wanafaa. Wayeyushe taratibu ndani ya friji, si kwa maji moto. Mwenye pumu asome pakiti: wengi huwekwa salfaiti (kemikali ya kuhifadhi) ili vichwa visiwe vyeusi.

*Nina mzio wa kamba. Nikichemsha sana je?*
Hapana kaka, usijaribu. Protini inayoleta shida, tropomyosini, haiharibiki kwa moto wa jikoni, na skampi anayo kama kamba.

*Mimi nina kamba wa kawaida tu, nifuate muda huohuo?*
Punguza. Waangalie umbo: wakijikunja kama herufi C, epua. Wakifunga duara, umechelewa.