Kabla hujapanda gari la Serikali (STK): mambo ya kuzingatia kwa anayesafiri kikazi

Kuna watumishi wa umma wanaoijua safari ya kikazi kwa upande wa posho tu. Wakishaambiwa kiasi na tarehe, mengine watayajulia huko huko. Ndio hao unaowakuta miezi kadhaa baadaye kwenye korido ya uhasibu na bahasha ya risiti zilizofifia, wakimtafuta mtu wa kuwasikiliza. Nimekaa upande wa pili wa meza ya uhasibu muda wa kutosha, kwa hiyo nitasema bila kupaka mafuta.

Idhini iwe ya maandishi. "Bosi kasema" si idhini. Dokezo, yaani andiko fupi la ofisini la kuomba kibali, litaje nani anakwenda, wapi, kufanya nini, kwa siku ngapi na kwa fedha za kifungu gani cha bajeti, na liwe limepitishwa kabla hujafunga begi. Mwaliko uliorushwa kwenye kundi la WhatsApp haumlazimishi mhasibu kukulipa.

Safari ya nje ya nchi ina mlango wake, na mlango huo ni mwembamba. Novemba 2015 Rais Magufuli alizuia viongozi na watumishi kwenda nje bila kibali chake au cha Katibu Mkuu Kiongozi, akataka kazi zinazowezekana zifanywe na mabalozi wetu waliopo huko, na viti vya daraja la juu kwenye ndege vikabaki kwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Waliozoea misafara mirefu walinuna. Serikali zimebadilika, hewa imelegea kidogo, lakini suala la kibali limebaki, na siku hizi maombi yanapita kwenye e-Vibali, mfumo wa Serikali wa kuomba vibali mtandaoni. Omba mapema. Usikate tiketi kwa matumaini. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake, viza iombwe wiki kadhaa kabla, kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, si "nyumbani kwenye droo".

Jambo moja hapo watu hulificha wakidhani halitaonekana: mwenyeji anapogharamia hoteli na chakula, sema kwenye maombi. Ukilala kwa gharama ya mwenyeji na ukachukua posho kamili ya Serikali, umelipwa mara mbili, na mkaguzi hahitaji upelelezi wowote. Anasoma barua ya mwaliko tu, ile ile uliyoiambatisha mwenyewe.

Posho ya kujikimu ni kwa usiku unaolala nje ya kituo chako cha kazi, kwa kiwango cha cheo chako. Viwango vya safari za ndani vilipandishwa kuanzia Julai 2022: cha juu kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000, cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000. Kuna anayejipa ngazi asiyonayo, na kuna anayeandika usiku nne kwa kazi ya siku mbili. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anatoka Dar es Salaam asubuhi, anahudhuria kikao, anarudi jioni. Tiketi ina tarehe na saa. Ukidai usiku mbili hapo, ujue unabishana na karatasi yako mwenyewe.

Gari: kitabu cha safari kijazwe kila siku, kilomita za kuondoka na za kufika, na usisaini usichokisoma. Kama mtatembea usiku au siku za mapumziko, kibali cha gari kiwepo. Likiharibika njiani, toa taarifa ofisini kwanza. Matengenezo ya magari ya Serikali yana utaratibu wake kupitia TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme, na fundi wa chini ya mwembe, hata akiwa hodari vipi, atakupa shida ya malipo. Namba za STK, STL na SM kila mwananchi anazijua. Gari likiegeshwa baa saa nne usiku, picha itamfikia mkurugenzi kabla hujamaliza kuagiza.

Sasa masurufu. Hapa naomba ukae.

Masurufu ni fedha unayopewa mkononi, au kwenye akaunti yako, ukafanye kazi halafu urudi kuonyesha ilivyotumika. Yanatoka kwa jina la mtu, na mpaka yarejeshwe, mtu huyo anadaiwa. Nilimfahamu afisa mmoja wa halmashauri ya kanda ya ziwa, kijana mchapakazi, asiyejua kukataa. Kulikuwa na safari ya ufuatiliaji wa miradi visiwani, timu nzima. Masurufu yalitakiwa yachukuliwe na mkuu wa idara, lakini mkuu alikuwa na masurufu ya zamani ambayo hajarejesha, na kanuni iko wazi: mwenye deni la masurufu hapewi mengine. Akamwita kijana. "Chukua wewe kwa jina lako, ni taratibu tu." Kijana akasaini.

Huko visiwani akalipa kila kitu. Mwenye boti hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, akamwandikia kiasi kwenye karatasi ya daftari, bila jina kamili wala namba ya simu. Wenyeviti wa vitongoji waliowaongoza wakapewa chochote kitu, hakuna aliyesaini. Ziwa likachafuka, wakalala zaidi ya siku zilizoidhinishwa, na hakuna aliyeandika kuomba nyongeza. Mkuu naye akachukua sehemu ya fedha kwa ajili ya "dharura", akaahidi risiti. Waliporudi kila mtu akaenda zake. Muda si mrefu mkuu akapata uhamisho kwenda mkoa mwingine.

Wakaguzi walipofika, jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa moja. Mkaguzi haulizi nani alikula, anauliza nani alisaini. Kile kiasi kisicho na viambatisho kikaanza kukatwa kwenye mshahara wa kijana, mshahara ambao tayari ulikuwa unakatwa mkopo wa benki. Mkuu wake alipopigiwa simu alijibu vizuri sana, mara mbili. Ya tatu haikupokelewa. Na wale wenzake waliolala visiwani kwa posho zilizotoka mikononi mwake, hakuna hata mmoja aliyekumbuka mwenye boti anaitwaje.

Kwa hiyo, ukiombwa uchukue masurufu ya kundi, jibu kwa dokezo, si kwa tabasamu. Omba kila msafiri alipwe posho kwenye akaunti yake. Yanayoweza kulipwa na ofisi moja kwa moja, kama mafuta, yalipwe hivyo. Yatakayobaki, nenda na fomu za malipo zilizochapishwa: jina, kazi aliyofanya, kiasi, simu, saini, na muhuri wa mtendaji wa kijiji pale pasipo na EFD. Fedha ikitoka mkononi kwako kwenda kwa bosi, asaini naye. Najua inatia haya kumwambia mkubwa "naomba saini yako, mzee". Mwambie hivyo hivyo. Siku zikiongezeka, piga simu siku hiyo hiyo, kisha fuatisha maandishi.

Ukirudi una siku 14 za kurejesha: ripoti ya safari, risiti, tiketi, karatasi za malipo, mahudhurio ya kikao. Risiti za EFD hufifia, zitolee nakala jioni ya siku unayozipata. Salio lirudishwe benki kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), si kwa kumwachia mhasibu kwenye meza. Na usimsainie mwenzako ambaye hakusafiri. Hata kama ni mgonjwa. Hata kama ni swahiba.

Mengine ni ya kawaida, lakini watu huyasahau. Beba dawa zako na kadi ya bima. Kompyuta yenye nyaraka za ofisi isiachwe garini. Usipakie ndugu, mkaa wala magunia ya mahindi. Ukipewa zawadi na mwenyeji, itangaze kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, uandike imetoka kwa nani. Usizungumze na waandishi wa habari kama hukutumwa kuzungumza. Dereva naye ni mtumishi: apate usingizi, na posho yake isicheleweshwe ilhali yako imeingia. Na ukiitwa usiku kwenda badala ya mtu mwingine, barua ibadilishwe jina kwanza.