Makaratasi ya kutreini mbwa hapa Nakuru, hatua kwa hatua

Watu wananiuliza sana leseni ya kutreini mbwa inatolewa ofisi gani. Usitafute karatasi moja. Ni kadhaa, na hizi za serikali nitakutajia hapa hakuna inayopima kama unajua mbwa, hiyo utaionyesha wewe mwenyewe.

Hatua ya 1. Sajili jina la biashara kwa eCitizen, andika majina kadhaa juu moja linaweza kuwa limechukuliwa. PIN ya KRA iwe sawa. Hapo hakuna kazi.

Hatua ya 2. Pamiti ya biashara ya kaunti. Kabla hujalipa amua kama utakuwa unaenda kwa kastoma ama utalaza mbwa wa wenyewe kwako, maana ukilaza kuna mambo ya usafi na kelele. Mimi nililipa rent ya miezi mitatu upande wa Lanet bila kuongea na majirani kwanza, mbwa wanne wakabweka usiku kucha na wiki ya pili mwenye ploti akanitoa, pesa ikaenda. Siku hizi naenda kwa watu, Milimani, Section 58, na nalala vizuri.

Hatua ya 3. Good conduct ya DCI, yaani cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Unaomba kwa eCitizen, unaprinti fomu ya C24 na invoisi, unaenda kuchukuliwa alama za vidole, Huduma Centre wanafanya. Unaingia boma la mtu akiwa kazini, watoto wako hapo, lazima akuamini.

Hatua ya 4, na hapa nakuomba usikimbie. Usishike mbwa yeyote kabla hujaona cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa, iwe ya mwaka huu, na imedungwa na mtu aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Mwenye mbwa akisema "huyo alidungwa, karatasi ilipotea", mwambie adunge tena na urudi baadaye, hata kama unahitaji hiyo pesa leo. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona. Ukiumwa osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe mwenyewe uliza daktari kuhusu chanjo ya kujikinga mapema.

Hatua ya 5. Weka daftari la masaa: tarehe, mbwa, ulifunza nini, aliitikaje, mwenyewe anasaini. Ukitaka cheti cha nje kama CPDT-KA, cha watreini mbwa, kinachotolewa na baraza linaloitwa CCPDT kule Marekani, wanataka angalau masaa 300 ya kufunza ndani ya miaka mitatu kisha mtihani, na bila daftari hayo masaa utayatoa wapi?

Halafu jua mipaka yako. Usidunge mbwa sindano, hiyo ni ya veti. Ukianza kukodisha mbwa na walinzi wa usiku hiyo si training tena, ni ulinzi, inasimamiwa na PSRA, mamlaka ya walinzi binafsi, chini ya sheria ya 2016. Mtu akikuletea nyani umfunze, kataa, mnyama wa pori bila kibali cha KWS ni kesi chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Na kupiga mbwa ama kumnyima chakula ndio atii ni ukatili chini ya Cap 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, kwa hivyo kastoma akikwambia "mchape tu", rudisha deposit yake uende.