Mbegu ya ng'ombe hufia kati ya mtungi na ng'ombe

Ng'ombe akipandishwa kwa mrija, yaani kijibomba chembamba chenye mbegu ya fahali iliyogandishwa, mara mbili, mara tatu, na kila baada ya wiki tatu anarudi kwenye joto, lawama humwangukia yeye. Anaitwa tasa, anauzwa kwa mchinjaji. Wakati mwingine kweli ana ugonjwa, au joto lake lilitambuliwa kwa kuchelewa. Lakini ipo sababu ambayo wafugaji wengi hawaifikirii kwa kuwa haionekani kwa macho: mbegu ilishaharibika kabla ya kumfikia. Baridi kali ya mtungi wa naitrojeni, gesi ya hewani iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, huihifadhi mbegu kwa miaka mingi; kinachoiua ni barafu, na barafu hufanya kazi yake pale mbegu inapopandishwa na kushushwa joto ovyo.

Seli yoyote hai imejaa maji, na manii ni seli. Maji yanapoganda, barafu huanzia nje ya seli. Barafu huchukua maji matupu na kuiacha chumvi, kwa hiyo maji yanayobaki huzidi kuwa makali, kama mchuzi uliokaukia jikoni. Seli hunyonywa maji yake, husinyaa, na utando wake huumia. Ukigandisha haraka mno, maji ya ndani hayapati nafasi ya kutoka, basi barafu hujijenga humo humo ndani na kuichana seli. Kwa hiyo kugandisha kunataka mwendo wa kati, na kunataka kinga.

Kinga hiyo ilipatikana mwaka 1949 huko Mill Hill, London, pale watafiti Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walipoonyesha kwamba manii ya jogoo yaliyochanganywa na giliseroli, kimiminika kizito kisicho na rangi, huamka hai baada ya kugandishwa. Giliseroli huingia ndani ya seli, hushikana na maji na kupunguza barafu inayoweza kujengeka. Kiini cha yai, ambacho vituo vingi huchanganya na mbegu, hulinda utando wa seli wakati mbegu inapopozwa taratibu hadi kufikia nyuzi 4 au 5. Baada ya hapo mirija hugandishwa kwenye mvuke wa naitrojeni, kisha huzamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenyewe, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hata kazi hii ikifanywa kwa ustadi, karibu nusu ya manii hayaamki. Ile nusu iliyobaki ndiyo tunayoichezea shambani.

Tuanze na mtungi. Joto likipanda hadi karibu nyuzi 130 chini ya sifuri na kuendelea, vipande vidogo vya barafu huanza kuungana na kuwa vikubwa, ingawa ukiutazama mrija bado ni mgumu kabisa. Ukiurudisha kwenye naitrojeni unapoa tena, lakini uharibifu haurudi nyuma, na kila unapoinuliwa uharibifu unaongezeka. Mrija wa mililita 0.25 ni mwembamba, hewa ya kawaida huupasha kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana nasisitiza: kikapu kinachobeba mirija ndani ya mtungi kisiinuliwe kupita shingo yake, na mrija uchukuliwe kwa koleo ndani ya sekunde 8 hivi. Ukiukosa, shusha kikapu chote kizame, subiri, ndipo ujaribu tena. Mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, anayeweka daftari la mirija, fahali gani yuko kikapu gani, hahitaji kupekua. Anayeinua vikapu vyote hewani akitafuta jina la fahali huku akiongea na simu anamaliza mbegu za kijiji kizima, na wenye ng'ombe watalipa bila kujua wamelipia nini.

Kiwango cha naitrojeni kipimwe kila wiki kwa kijiti kikavu cha mbao: kizamishe hadi chini, kitoe, kipunge hewani, na alama nyeupe ya jalidi itaonyesha kimo. Agiza nyingine mapema, kabla haijashuka chini ya sentimita 15, maana naitrojeni husafirishwa kutoka vituo vichache na gari huweza kuchelewa. Jalidi ikitokea nje ya mtungi, ujue ombwe, ile nafasi isiyo na hewa ndani ya ukuta wake, limeharibika. Hamisha mirija siku hiyo hiyo. Mtungi ukae wima kwenye ubao, mahali penye hewa, na kifuniko chake kisikazwe wala kuzibwa. Lita 1 ya naitrojeni huwa takribani lita 700 za gesi, hivyo usisafiri nayo ndani ya gari lililofungwa madirisha. Haina harufu, na humkosesha mtu pumzi kabla hajashtuka.

Kuyeyusha ndiko kunakoharibiwa zaidi. Kama kuyeyuka ni kwa polepole, barafu hupata muda wa kukua tena ndani ya seli. Kwa hiyo mrija usiyeyushwe mfukoni, kwapani wala kiganjani. Unataka maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, kwa sekunde 30 hadi 40; kama kituo kilichozalisha mbegu kimetoa maelekezo yake, fuata hayo. Kung'uta matone ya naitrojeni kabla ya kuuzamisha, la sivyo mrija unaweza kupasuka. Ukiutoa, ufute ukauke kabisa, maana tone moja la maji likiingia kwenye mbegu linaua manii.

Toka hapo adui hubadilika: sasa ni baridi ya ghafla, jua na muda. Asubuhi za Njombe au Lushoto bomba la kupandikizia huwa baridi sana, na mbegu iliyotoka kwenye maji ya nyuzi 37 ikiingizwa humo hupigwa na mshtuko. Lisugue kwanza kwa kitambaa safi lipate joto, kisha ukishalipakia liweke ndani ya shati karibu na mwili. Usiyeyushe kabla ng'ombe hajafungwa vizuri. Yeyusha mrija wa ng'ombe mmoja, umhimilishe ndani ya dakika 15, ndipo ufuate wa pili. Mbegu iliyokwisha kuyeyuka hairudishwi mtunguni kwa namna yoyote.

Mfugaji, una haki ya kusimama na kutazama. Uliza kipimajoto kiko wapi. Andika namba iliyochapwa kwenye mrija, jina la fahali na tarehe, kisha mwangalie ng'ombe wako kuanzia siku ya 18 hadi ya 24. Wakirudi kwenye joto ng'ombe kadhaa wa majirani waliohudumiwa kwa mtungi mmoja, msikimbilie kuwauza. Mwambieni afisa mifugo wa kata achukue mrija mmoja kutoka mtungi ule ukapimwe kwa hadubini.