Kubadilisha bushi ya shafti kati ya kupwa na kujaa

Boti ya injini ya ndani ikianza kutikisika shetri, au kugonga unapopunguza mwendo, wengi hulaumu rafadha (panga zinazosukuma boti). Anza na bushi: ule mrija wa shaba wenye mpira ndani, uliokaa kwenye mkono unaoshika shafti (chuma kirefu kinachozungusha rafadha) chini ya boti. Naandika kwa wenye boti za pwani yetu wanaopweleza mchangani kwa kukosa chelezo.

1. Chagua siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa karibu saa kumi na hukauka karibu saa nne asubuhi. Pweleza siku moja au mbili kabla bamvua (maji makubwa ya siku hizo) halijafika kileleni. Ukichelewa, kila maji yanayofuata ni madogo kuliko yaliyokupandisha, na boti itabaki juu hadi bamvua jingine. Kaza magadi (miti ya kuegemeza boti) pande zote mbili, kisha chimba mchanga chini ya rafadha upate nafasi ya mikono.

2. Pima. Ufunguo wa injini uwe mfukoni mwako. Inua na ushushe shafti karibu na mkono wake, kisha ingiza fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) kati ya shafti na mpira. Kwa shafti ya milimita 25, mchezo ukifika milimita 1.5 hiyo bushi imekwisha.

3. Toa rafadha. Chomoa spilti pini na ulegeze nati, lakini acha moja ishike nyuzi chache, maana rafadha ikiachia huruka. Tumia pula (kifaa cha kuvutia). Nyundo kwenye kitovu hupeleka pigo moja kwa moja ndani ya giaboksi.

4. Toa bushi. Legeza skrubu ndogo zilizo ubavuni mwa mkono. Ukiwa na pula ya bushi, shafti inabaki mahali pake. Kama huna, itabidi ufungue kaplingi (kiungo cha shafti na giaboksi) na kuvuta shafti nje; mara nyingi usukani nao utatoka. Kabla ya hapo chonga kigingi cha mti, ukivike kitambaa, kikae tayari: tundu la shafti liko chini ya maji, na bahari itarudi kazi iwe imekwisha au la. Shafti ikishatoka, pitisha msumeno wa chuma ndani ya bushi, kata mpira na shaba mistari miwili iliyokaribiana, kisha kunja kipande kile kwa tindo. Kata polepole mwishoni usije ukauchanja mkono wa shafti.

5. Isome bushi kuukuu. Mafundi wengi huitupa hapa, na ndiyo maana mteja hurudi na mtikisiko uleule. Mpira ukilika upande mmoja tu, huku shafti imelika sawasawa kuizunguka, injini na mkono haviko kwenye mstari mmoja. Ukikuta kinyume chake, mpira umelika duara zima na shafti inang'aa upande mmoja, shafti imepinda. Vyote vikilika sawasawa, huo ni umri na mchanga. Pitisha ukucha juu ya shafti pale ilipokaa bushi: ukikwama kwenye mfereji, peleka shafti kwa fundi wa mashine, la sivyo itakula mpira mpya upesi.

6. Ingiza mpya. Safisha mkono wa shafti hadi shaba ing'ae. Vuta bushi kwa nondo ya nyuzi, nati na washa pana, usiigonge. Kilainishi ni maji ya sabuni. Grisi na oili huharibu mpira, na bushi hii hulainishwa na maji ya bahari yanayopita kwenye mifereji yake. Toboa vishimo vifupi kwenye shaba ya bushi ili skrubu zikae. Zikibanwa kupita kiasi huiminya bushi na shafti hukaza.

7. Rudisha. Kii (kipande cha chuma kinachoshikisha rafadha kwenye shafti), rafadha, nati, spilti pini mpya. Badilisha na zinki (kipande kinacholiwa na maji ya bahari badala ya shafti na rafadha), na usiipake rangi.

8. Nyoosha injini na shafti boti ikiwa majini. Boti ikiegemea magadi umbo lake hubadilika kidogo, hasa ya mbao. Iache ielee usiku mzima, kisha achanisha kaplingi na upime mwanya kwa fila geji juu, chini, kushoto na kulia. Kwa kaplingi ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Ikizidi, rekebisha miguu ya injini. Kama glandi (kizibo cha maji pale shafti inapoingia botini) ni ya pakingi, shafti ikizunguka idondoshe tone moja moja. Ikiwa kavu kabisa itaungua.