Sintesaiza ya sauti nane kwenye Pure Data, bila noti kung'ang'ania

Pure Data, au Pd kwa kifupi, ni programu huria ya kutengeneza muziki kwa kuunganisha visanduku, aliyoianzisha Miller Puckette miaka ya 1990. Sintesaiza (ala ya kielektroniki) ya sauti moja, yaani inayoliza noti moja kwa wakati, humo ni kazi ya visanduku vichache na waya. Ukitaka vidole vitatu vilie kwa mpigo, lazima kuwe na anayegawa noti kwa sauti zilizo wazi, na hiyo ndiyo kazi ya `poly`.

Anza na sauti moja. Fungua faili jipya, lihifadhi kwa jina `sauti~.pd` kwenye folda ileile ya pachi kuu, yaani faili la visanduku na waya litakaloendesha sintesaiza nzima. Weka `inlet` (mlango wa kupokea), chini yake `unpack f f`, inayotenganisha namba mbili. Tundu la kushoto la `unpack` linatoa namba ya noti: ipeleke `mtof` (60 inakuwa herzi 261.63), kisha `osc~`, inayotengeneza mawimbi ya sauti. Tundu la kulia linatoa nguvu ya mbonyezo, 0 hadi 127, na 0 maana yake kidole kimeachia. Nguvu hiyo ipite `sel 0`. Ikiwa ni 0, kushoto itagonga ujumbe `0 400`. Isipokuwa 0, itatokea kulia, igawanywe na `/ 127`, iingie ujumbe `$1 10`. Jumbe zote mbili ziende `vline~`, inayopandisha na kushusha ukubwa wa sauti hatua kwa hatua, kisha `osc~` na `vline~` vikutane kwenye `*~` na kutoka kwa `outlet~`. Sauti itapanda kwa milisekunde 10 na kufifia kwa 400.

Kuna njia ya mkato inayovutia: kuzidisha mawimbi moja kwa moja na nguvu ya mbonyezo. Iache. Ukiachia kidole nguvu inakuwa 0 papo hapo, na mkia wa sauti hausikiki kabisa.

Pachi kuu inashuka hivi: `notein` (inapokea noti za kinanda cha MIDI), `poly 8 1`, `pack f f f`, `clone -s 1 sauti~ 8` (nakala nane za `sauti~`), `*~ 0.12`, `dac~` (njia ya kwenda spika). Matundu mawili ya kwanza ya `notein` yaingie `poly`, na matatu ya `poly` yaingie `pack`, bila kupishana. Pd hutoa kuanzia kulia, kwa hiyo namba ya sauti inafika mwisho na kuisukuma orodha nzima, tuseme `3 60 100`. `clone` inasoma 3, inaipa sauti ya tatu `60 100`. Ile 0.12 inalinda spika: nane mara 0.12 ni 0.96, chini ya 1 ambapo mawimbi huanza kukatwa. `clone` ipo tangu toleo 0.47.

`-s 1` husahaulika sana. `poly` inahesabu kuanzia 1, `clone` kuanzia 0. Ukiiacha, piga noti mojamoja: ya nane iko kimya, na dirisha la Pd linalalamika.

Ile 1 ya mwisho kwenye `poly 8 1` inaruhusu kunyang'anya. Noti ya tisa ikija, sauti iliyoanza kulia mapema zaidi inazimwa na kupewa noti mpya. Bila hiyo 1, noti ya tisa hupuuzwa. Kuzima na kuwasha hutokea wakati uleule, kwa hiyo `vline~` inapanda kutoka pale ilipokuwa. Ukipunguza zile 10 hadi 0, utasikia mlio wa "tak" kila sauti inaponyang'anywa.

Noti inayogoma kunyamaza mara nyingi imesababishwa na kuhamisha ufunguo (kupandisha au kushusha noti zote kwa `+`) kabla ya `poly`. Umebonyeza 60 ukiongeza 2, `poly` ikaandika 62. Ukabadilisha nyongeza kuwa 5 kabla ya kuachia, ikaletewa 65 ambayo haiijui. Sauti ya 62 inabaki ikilia. Weka `+` ndani ya `sauti~`, kabla ya `mtof`. Pia unganisha ujumbe `stop` kwenye tundu la kushoto la `poly`, uzime zote kwa mbonyezo mmoja.

Ndani ya `sauti~`, jina lolote la `send` (inayotuma ujumbe bila waya) au la jedwali lianze na `$0-`, ambayo ni namba tofauti kwa kila nakala, la sivyo sauti zote nane zitatumia jina hilo moja.

Prosesa ikilemewa, weka `switch~`, inayowasha na kuzima hesabu za sauti hiyo, ndani ya `sauti~`. Mbonyezo uipe 1. Kuachia kuanzishe `delay 450`, inayoipa 0. Muda huo lazima uzidi zile 400, na mbonyezo mpya upeleke `stop` kwa `delay`, vinginevyo noti ya pili itazimwa na saa ya noti ya kwanza.